Mwanamke Aliyeita Kutoka Mjini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu la juma hili ni 2 Samweli 20:14-22. Yoabu, jemadari wa mfalme Daudi, ameuzingira mji wa Abeli, askari wake wanaubomoa ukuta, na mwanamke mmoja mwenye akili, ambaye Maandiko hayamtaji kwa jina, anapaza sauti akitaka jemadari amkaribie. Anamwuliza kwa nini auharibu mji ulio mama katika Israeli, anajibiwa kwamba anayetafutwa ni Sheba peke yake, aliyemwasi mfalme, kisha anawaendea watu wake na kuzungumza nao kwa hekima. Mwisho wa habari ni mzito, kwa maana Sheba alikatwa kichwa, nami sithubutu kuupamba.

Kila nilisomapo somo hili humkumbuka dada mmoja wa jumuiya yetu hapa Mbeya, aliyetumika miaka mingi kama afisa habari serikalini. Wengi tunaijua kazi yake kwa picha za ziara za viongozi na taarifa kwa vyombo vya habari. Mimi naamini uzito wake uko kwingine, katika kule kurudi na maneno ya watu kwa wale waliomtuma.

Alitusimulia siku alipotumwa kuwakumbusha wakulima wa viazi marufuku ya lumbesa, yaani magunia yanayojazwa kupita kipimo. Alipomaliza kusoma tangazo, mama mmoja mzee alisimama akamwuliza, "Mwanangu, mnunuzi akilikataa gunia lisilojazwa kupita kiasi, viazi vyangu nimwuzie nani?" Dada hakuwa na jibu. Aliliandika swali, akalipeleka ofisini, akaambiwa kwamba kazi yake ni kutangaza, si kuuliza. Juma lililofuata aliuliza tena.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwombaji haki ya kujibiwa ndani ya siku 30. Yule mama hakuwa ameandika barua yoyote wala kujaza fomu, lakini dada, kwa dhamiri yake mbele za Mungu, alilihesabu swali lile kuwa ombi kamili, akaanza kuzihesabu siku. Kabla hazijaisha alipanda daladala hadi Uyole akiwa na jibu la nusu ya swali, akamtafuta yule mama sokoni, akaketi naye juu ya magunia, akamweleza lililojibiwa na lililokuwa bado.