Huyu Uliyemchora ni Nani?

Kigoma, Jumapili jioni

Nikionyesha mchoro watu hawaniulizi nimejifunzia wapi, wala nauza shilingi ngapi. Wanauliza, "Huyu ni nani?" Juzi nilimchora kijana kasimama ukingoni mwa ziwa, simu kainyanyua juu anatafuta mtandao, mguu mmoja umeshaingia majini na yeye hana habari. Mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akauinamia mchoro, akacheka, kisha akasema, "We dada, si yule mtoto wa jirani yetu kule Katubuka?" Simjui mtoto huyo, nilimtoa kichwani tu. Mpaka jioni alishajulikana mtaa mzima, na nasikia kakasirika hata kabla ya kuuona mchoro wenyewe.

Ndiyo tabu ya kuchora maisha ya kawaida kwenye mji ambao ukikohoa Mwanga unapewa pole Ujiji. Dar unaweza kumchora abiria kasinzia kwenye daladala, mdomo wazi, watu wakacheka na kupita zao. Hapa abiria ana jina, ana ukoo, na shangazi yake ananunua vitunguu genge moja na mama yangu.

Kwa hiyo siku hizi nikitazama kazi za wachoraji waliotutangulia, natafuta kitu kimoja: wamemficha wapi mtu wanayemcheka?

Christian Gregory alimwumba Chakubanga, mhusika wa katuni, kwenye gazeti la Uhuru, na wazee wa hapa bado wanamtaja utadhani walipanga naye nyumba moja. Vituko vya wengi akabebeshwa mmoja, asiye na ndugu wa kuja kulalamika. Masoud Kipanya akatumia panya. Nani atasimama kudai kwamba panya yule ni yeye? Tena jina la panya likamganda mchoraji mwenyewe, haki ikatendeka. Mchora katuni Gado simweki kwenye hesabu hii. Alihamia Nairobi mwaka 1992 na kazi yake kubwa ni wanasiasa, na mwanasiasa kwenye katuni anatakiwa ajulikane kuanzia masikioni.

Ninayempenda kuliko wote ni Mfaransa, Jean-Jacques Sempé, aliyefariki mwaka 2022. Mbinu yake ilikuwa mtu mdogo ndani ya mahali pakubwa. Majengo yanajaza ukurasa, halafu chini kabisa unamkuta bwana mmoja na baiskeli yake, kazama kwenye mambo yake. Pua yake huioni. Unaona mkao wake, na unamcheka taratibu kwa sababu na wewe umeshawahi kukaa hivyo. Kigoma imeumbwa kwa mbinu hiyo. Panda kilima chochote utazame magharibi: ziwa lote, milima ya Kongo ng'ambo, na huku chini mtu mmoja anabishana na simu. Nilimrudia yule kijana wangu, nikampunguza mpaka akawa punje ya mchele, milima nikaiachia karatasi yote. Kichekesho kikaongezeka. Milima yote ile, na yeye anatafuta vistari viwili vya mtandao! Na huyo wa Katubuka hakutajwa tena.

Christoph Niemann, Mjerumani, kuna michoro anayomwondoa mtu kabisa. Anaweka kitu halisi juu ya karatasi kisha anachora kilichobaki. Kichupa cha wino kikawa kamera, ndizi mbili zikawa makalio ya farasi. Nimejaribu hapa dukani kwa dagaa wakavu. Wawili wakawa nyusi za mjomba anayesoma kiwango cha mchango wa harusi kwenye grupu la WhatsApp. Zilitoka vizuri sana, ila meza ilinuka siku nzima na paka akaondoka na unyusi mmoja. (Mjomba kubaki na mshangao wa upande mmoja, mimi naona ilipendeza zaidi.)

Changu mwenyewe ni karatasi zilizoharibika. Mashine ikichafuka inatoa kopi yenye mstari mweusi katikati, mteja anaikataa, na mimi naiweka chini ya meza. Mstari ule unaweza kuwa reli, gati, waya wa umeme. Wiki hii ulikuwa kamba ya kuanikia nguo, na juu yake nikaanika zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", kila moja na kibanio chake. Hakuna aliyeuliza ni nani. Meseji hizo kila mtu kazipata, kwa hiyo kila aliyetazama alicheka la kwake.

Hapo nikapata moyo wa kuchora foleni ya ndoo. Maji yakikatika mtaani kwetu, watu wanapanga ndoo bombani alfajiri na kurudi kulala. Ndoo ndizo zinazoshika zamu. Sikuzitia macho wala midomo, nilizipa mikao tu: moja imeliegemea dumu la njano, nyingine imesogea nusu hatua pembeni, inataka kuchomekea. Nikajiambia, ndoo haina ukoo. Nikabandika ukutani.

Asubuhi akaingia mama mmoja wa mtaa wa nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hii ya tatu ni yangu."

Nikamwambia ndoo za rangi ya ukuta ziko nyingi, zote nyeupe, zote sawa. Akagusa karatasi kwenye mkono wa ndoo, pale nilipochora waya umezungushiwa kitambaa. "Kitenge hiki nimekifunga mwenyewe, waya ulikuwa unanikata vidole."

Nikakaa tayari kusemwa. Akauangalia mchoro tena, kichwa kakilaza upande.

"Umeiweka vizuri, imetulia kwenye foleni, haina fujo. Ila mwanangu, ichore na mfuniko wake. Wasije wakasema naacha maji wazi."