Aleji ya chavua: karatasi ya damu ya Marekani na gugu karoti la Arusha

Wengi wetu kutoka Arusha na Moshi tunafika Marekani pua ikiwa nzima. Miaka michache inapita salama, kisha katikati ya Agosti chafya zinaanza, macho yanawasha, na haziachi mpaka baridi ya kugandisha iue magugu. Mkosaji mara nyingi ni ambrosia, gugu ambalo huku linaitwa ragweed. Mwili huhitaji misimu kadhaa ya kuvuta chavua yake, yaani unga wa maua yake, kabla ya kuanza kuikataa.

Kipimo cha damu hutafuta IgE, kingamwili zinazoleta aleji, zinazolenga chavua moja moja. Si lazima ufunge kula wala uache dawa za aleji kama setirizini. Kipimo cha kuchoma ngozi ndicho kinachotaka uache dawa za aleji kwa siku 5 hadi 7. Omba IgE mahususi ya ambrosia na magugu mengine, usiridhike na IgE ya jumla. Hiyo ya jumla hupandishwa hata na minyoo, na mtu aliyekulia kwetu anaweza kuwa nayo bila kujua. Ikiwa juu sana, pima na choo.

Kwenye majibu, kuanzia 0.35 kU/L (kiasi cha IgE katika lita ya damu) huhesabiwa kuwa chanya. Kati ya 0.7 na 3.5 ni daraja la 2, kati ya 17.5 na 50 ni la 4, zaidi ya 100 ni la 6. Madaraja haya hayapimi mateso: mwenye 2 kU/L anaweza kuumia kuliko mwenye 40. Na kama namba ipo lakini dalili hakuna, hakuna cha kutibu.

Ukiweza, omba pia Amb a 1, protini kuu ya ambrosia. Ikitoka hasi wakati chavua nzima ni chanya, huenda kingamwili zako zinakamata protini inayofanana ya mmea mwingine. Hapo mwambie daktari kuhusu gugu karoti, kwa jina la kitaalamu Parthenium hysterophorus, maana wengi huku hawatalifikiria. Limejaa kando ya barabara za Arusha, ni jamaa wa ambrosia, na chavua zao hukaribiana. Ndiyo maana mtu anakwenda likizo Desemba, huku Marekani hakuna chavua hata punje, naye anapiga chafya nyumbani kwao.

Vipele vya mikononi baada ya kung'oa gugu karoti ni jambo jingine. Hivyo huletwa na seli za kinga, si IgE, kwa hiyo damu itasema hakuna kitu. Kinachofaa ni kipimo cha kubandika mgongoni, kinachosomwa baada ya saa 48 na tena siku moja au mbili baadaye.

Ndizi mbivu, tikiti na tango vinaweza kuwasha mdomo wa mwenye aleji ya ambrosia. Mtori kwa kawaida hauna shida, kwa kuwa moto huharibu protini hizo. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, nenda hospitali mara moja.

Dawa ya msingi ni ya kupulizia puani, kama flutikasoni, ianze wiki 2 kabla ya msimu. Inamisha kichwa kidogo mbele, tumia mkono wa kulia kwa pua ya kushoto, elekeza ncha upande wa sikio, kisha vuta pumzi polepole. Ukielekeza katikati, ukuta wa pua utatoka damu. Ukivuta kwa nguvu, dawa itaishia kooni. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku 3, vinginevyo pua huziba zaidi. Kuosha pua kunasaidia sana: maji mililita 240 yaliyochemshwa dakika 3 yakapoa, na chumvi robo hadi nusu kijiko cha chai. Usitumie maji ya bomba yasiyochemshwa.

Vidonge vya ambrosia vya kuweka chini ya ulimi huanza angalau wiki 12 kabla ya msimu, yaani katikati ya Mei, na dozi ya kwanza huchukuliwa kliniki ukiangaliwa dakika 30. Mwenye pumu isiyotulia asivianze.