Kumbukumbu ya mradi wa maji: ombi la Mkanda limefungwa

Toleo jipya la programu yangu huria ya kukokotoa kujaa na kupwa kwa maji limetoka, na lile ombi lililonikwamisha tangu kaskazi hatimaye limefungwa. Hesabu zenyewe hazikunisumbua. Kilichonisumbua ni kujua programu inatakiwa ijibu nini. Manahodha wa Lamu walitaka jambo moja, nalo ni kuambiwa kama mkondo wa Mkanda, ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, unapitika. Grafu ya urefu wa maji haikuwatosha, kwa sababu jahazi lililopakia mawe haliwezi kufuata boti tupu, na maji ya bamvua, yanayojaa na kupwa sana, si sawa na maji mafu, yanayobadilika kidogo.

Nilianza na utaratibu wa lugha ya programu ya Python, ambao tangu mwaka 2000 hutaka pendekezo kubwa liandikiwe waraka wa PEP, yaani pendekezo la kuiboresha Python, wenye sababu zake pamoja na mawazo yaliyokataliwa. Waraka hauzuii ugomvi, kwani mabishano juu ya PEP 572 ndiyo yaliyomchosha Guido van Rossum, mwanzilishi wa Python, hata akajiuzulu uamuzi wa mwisho mwaka 2018. Kwangu hatukufika huko, maana hakuna nahodha aliyejaza fomu. Katika mfumo endeshi wa Linux, anayetaka jambo kwa kawaida huleta kiraka cha msimbo pamoja na hoja yake, kisha watunzaji hukipima. Nahodha wangu huleta ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na nusu yake ni upepo.

Kilichofaulu ni kugeuza kila ujumbe kuwa jaribio linalojiendesha: tarehe 15 ya mwezi mwandamo, chombo kinachozama mita moja na nusu, saa fulani, jibu liwe "kinapita". Jaribio lisipofaulu, ombi bado liko wazi. Majaribio hayo hukaa ndani ya Git, hifadhi ya matoleo ya programu, pamoja na msimbo, na kwa maoni yangu mbao za kadi za kupangia kazi, pamoja na rangi zake zote, hazifui dafu mbele yake, kwa kuwa kadi husogezwa kwenye safu ya "tayari" bila programu kubadilika hata kidogo.

Kutoka lugha ya programu ya Rust nimeazima sehemu ya hasara, ambayo kila RFC, yaani waraka wa pendekezo unaoomba maoni, hutakiwa kuijaza. Hiyo ndiyo iliyonifanya niongeze jibu la tatu, "subiri", kwa sababu mchanga wa Mkanda huhama na kina kilichoandikwa huchakaa. Arifa za simu nilizokuwa nimezipanga kwa toleo hili nimeziweka kando, kwani sasa ninaandika njia ya nahodha kurekebisha kina hicho mwenyewe.