Moto wa Abadan katika vitabu viwili

Wiki hii nimerudia Persepolis, kitabu cha michoro ambamo Marjane Satrapi anasimulia utoto wake Iran, na pembeni yake nimekuwa na historia ya Iran ya Ervand Abrahamian. Nasoma kurasa chache huku, sura moja kule. Kuna jambo limenikaa rohoni, na nataka kuliandika kabla halijafifia.

Ni ule moto wa Sinema Rex. Tarehe 19 Agosti 1978, katika mji wa mafuta wa Abadan, jumba la sinema liliteketea likiwa na watazamaji ndani, milango imefungwa. Walikufa watu wapatao 400. Satrapi alikuwa na miaka minane. Anachora ndimi za moto zikipaa ukumbini, na watu waliokwisha kuwa kama mizimu wakikimbilia mlangoni. Halafu anaeleza kwamba Shah, mfalme wa Iran, aliwalaumu wenye siasa kali za dini, lakini wananchi walijua mkosaji ni Shah mwenyewe.

Watafiti wengi wa leo wanasema vingine. Baada ya mapinduzi ya 1979 yaliyomwondoa Shah, mtu aliyeitwa Hossein Takbalizadeh alishtakiwa kwa kuwasha moto ule pamoja na wenzake, akahukumiwa na kuuawa mwaka 1980. Wauaji, kwa maelezo haya, walitoka upande wa wapinzani wa Shah.

Basi Satrapi kasema uongo? Nimelitafakari sana, na sioni hivyo. Watu wengi waliokuwa wamejikalia kimya waliingia barabarani kwa sababu waliamini serikali yao imechoma raia wakiwa hai. Ukiiondoa imani hiyo, huelewi mwaka ule ulikwendaje. Wiki tatu baadaye, tarehe 8 Septemba, askari waliwamiminia risasi waandamanaji katika Uwanja wa Jaleh, Tehran. Mjini ilisemwa wamekufa maelfu. Hesabu za baadaye zilipata chini ya 100. Lakini waliofunga safari ya kuandamana tena waliandamana kwa ajili ya yale maelfu. Mwanahistoria ana wajibu wa kuupepeta uvumi, nami namshukuru. Satrapi anauacha ulipokuwa, kwenye mazungumzo ya wazazi sebuleni, mtoto akiwa anasikiliza.

Vita navyo. Iraq iliivamia Iran tarehe 22 Septemba 1980, mapigano yakaendelea hadi Agosti 1988, na makadirio ya waliokufa ni mamia ya maelfu. Tarakimu hizo nazisoma kisha macho yanahamia mstari unaofuata. Sikuweza kufanya hivyo kwenye ukurasa wa funguo. Mwana wa Bi Nasrine, mtumishi wa nyumba ya kina Satrapi, amepewa shuleni ufunguo wa plastiki uliopakwa rangi ya dhahabu. Akifa vitani, ameambiwa, utamfungulia pepo. Wapo wanaobishana hadi leo kama funguo hizo ziligawiwa kweli na kwa wingi gani. Kwamba wavulana walipelekwa kwenye mabomu ya kutegwa ardhini, hilo lina ushahidi. Satrapi anawachora kama vivuli vyeusi vikirushwa hewani, ufunguo shingoni. Chini yake, ukurasa huohuo, yeye na wenzake wanacheza muziki kwenye sherehe, na miili yao imejipinda vilevile. Haandiki hata neno moja la kulinganisha. Sijui aya ya historia ingewezaje kuvisema vitu hivyo viwili kwa mpigo namna ile.

Hata hivyo, nina dai langu. Satrapi hafichi kwamba alikuwa mtoto wa wenye nacho: anasimulia aibu aliyoiona kupanda Cadillac ya baba yake, na mwaka 1984 wazazi waliweza kumpeleka Vienna. Migomo ya wafanyakazi wa mafuta iliyoubana utawala wa Shah mwishoni mwa 1978, wachuuzi wa sokoni, familia zilizohamia pembezoni mwa Tehran kutoka vijijini, hao nimekutana nao kwa Abrahamian. Na yule mvulana mwenye ufunguo tunamwona kwa macho ya binti wa mwajiri wa mama yake. Bi Nasrine analia kidogo, kisha anarudi jikoni. Ningependa kukisoma kitabu ambacho yeye, au mwanawe, ameshika kalamu.