Kilo 19

Jana kliniki kitinda mimba wangu alipanda mizani, akainama kujisomea mwenyewe: kilo 19. Njiani akanishika mkono. "Baba, hizi kilo zangu zinatoka wapi?" Nikamwambia ni ugali na maziwa. Akaridhika. Mimi ndiye sikuridhika.

Februari 2010, Ujerumani, theluji hadi kwenye kingo za madirisha. Kwa miezi mitano nilikuwa nikituma hesabu za uzito wa protoni, chembe iliyo ndani ya kiini cha kila atomu, kwenye kompyuta kuu ya Jülich, na nyingi zilirudi na namba zisizo na maana. Faili la mwisho lilifika saa nane usiku.

Protoni imeundwa kwa kwaki, chembe ndogo zaidi, na kwaki haitoki nje peke yake. Ukiivuta, nguvu inayoifunga hailegei, na kwa kalamu na karatasi hesabu yake hukwama. Mwaka 1974 mwanafizikia Kenneth Wilson alionyesha njia: nafasi na wakati uvifanye kimia, kwaki zikae kwenye mafundo, gluoni, chembe zinazozifunga kwaki pamoja, ziwe nyuzi kati ya fundo na fundo. Kimia chetu kilikuwa na mafundo zaidi ya milioni 2, yamebanana kiasi kwamba protoni moja ilitanda mafundo kumi na kitu kwa upana.

Nikachora grafu ya uzito huo, nukta moja kwa kila hatua ya wakati kwenye kimia. Nukta za kwanza zikashuka kwa kasi, kama nilivyozoea: protoni bado imechanganyika na ndugu zake wazito. Ya saba. Ya nane. Nikasogeza uso kwenye skrini. Ya tisa ikakaa usawa wa ya nane. Ya kumi nayo. Nukta sita zikatulia kama bahari ya alfajiri kabla ya upepo, kisha zilizofuata zikatawanyika ovyo. Sita zile ndizo zilikuwa uzito wa protoni. Nilizigusa kwa kidole, kwenye kioo.

Haikuwa habari mpya; kundi la watafiti wa Budapest, Marseille na Wuppertal lilishachapisha hesabu bora kuliko yangu mwaka 2008. Tena protoni yangu ilizidi ile ya kweli, ya megaelektronivolti 938 (kipimo tunachopimia uzito wa chembe), maana tulizifanya kwaki nzito ili kompyuta isielemewe. Kwaki tatu za kweli ukizijumlisha hupati hata 10. Kinachobaki chote ni nishati, ya gluoni na ya kwaki zikihangaika humo ndani. Katika kilo 19 za mwanangu, uzito wa kwaki zenyewe ni gramu 200 hivi.

Kulipokucha nikampigia mama, Tanga. Alikuwa anasuka ukili. Nilipomweleza kimia, fundo na uzi, alinielewa upesi kuliko wengi niliosoma nao. Akanyamaza kidogo.

"Sasa mwanangu, hiyo protoni umeikuta humo, au umeisuka wewe?"

"Nimeikuta, mama."

Nilijibu haraka. Kweli, hakuna mstari wa programu tulioandika protoni. Lakini uzito wa kwaki tuliuchagua sisi, na kimia tulikikata sisi. Jana njiani, mkono wa mtoto mkononi mwangu, swali lililonirudia ni lile la mama.