Breakfast ya saa 12 na nusu jioni

Jumatano, mwezi 12 Ramadhani

Jana mchana nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, koo limekauka. Kazi niliyowapa ilikuwa ndogo: sentensi kumi kuhusu siku ya kawaida nyumbani. Nilikuwa nimebakiza madaftari machache nilipofika kwa kijana mmoja wa dawati la nyuma. Sentensi yake ya nne ilisema: "In Ramadan we take our breakfast in the evening."

Sarufi yake haikuwa na kasoro. Lakini nilipiga mstari mwekundu chini ya "breakfast", nikaandika pembeni "futari si breakfast", nikamkata alama mbili, nikachukua daftari jingine.

Jioni tulikaa mkekani, mama, mimi na wanangu wawili. Uji wa pilipili manga ulikuwa bado unafuka moshi, muhogo wa nazi kwenye sinia, tende kwenye kisahani cha udongo ambacho mama hukitoa mwezi huu tu. Adhana ya Magharibi ikaanza. Nilikuwa nimeshika tende mkononi, mawazo yako kwingine, mama akaniambia, "Fungua, mwanangu. Ukishaingia wakati hakuna kuchelewesha."

Fungua. Kila Ramadhani nimelisikia neno hilo kwake tangu nikiwa na miaka saba na nafunga nusu siku. Jana nililisikia upya, kwa sababu lilikuwa ndilo neno nililolikata kwenye daftari la yule kijana.

"Breakfast" ni maneno mawili yaliyoshonwa pamoja. "Break" ni kuvunja au kukatisha, na "fast" ni saumu. Usiku mtu halali akila, kwa hiyo kila asubuhi anaamka amefunga, na cha kwanza anachokitia mdomoni kinaikatisha ile saumu ya usiku. Neno hili lilianza kuandikwa karne ya 15. Waingereza wa kale kabla ya hapo walisema "morgenmete", yaani chakula cha asubuhi, basi. Tangu yaliposhonwa, sauti imebadilika. "Break" ikiwa peke yake ina irabu iliyovutwa, lakini ndani ya "breakfast" imefupishwa kiasi kwamba anayetamka hasikii tena kitu kinachovunjwa. Mshono umefutika kwa kutumika.

Wanafunzi wangu wanalielewa kwa njia yao. Niliwahi kuwauliza, wakanijibu kwa kujiamini: breki ni ile ya saa nne tunapotoka kunywa chai, na "fast" ni haraka, kwa hiyo ni chai ya haraka. Siwalaumu hata kidogo. Nimefundisha neno hilo miaka mingi kama kokoto, kitu kimoja kisicho na kitu ndani, na mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo hivyo.

Usiku, watoto walipolala, nilifungua kamusi nikakaa nayo mpaka karibu na daku. Hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo bado linanitetemesha ninapoliandika.

"Fast" ya saumu na "fast" ya mbio ni ndugu wa tumbo moja. Mzizi wao wa kale unamaanisha kukaza, kushika imara, kutotikisika. Ndiyo maana Mwingereza akikwambia "fasten" kwenye ndege anataka ufunge mkanda, na aliyelala fofofo anasemwa amelala "fast", usingizi umemkaza. Saumu iliitwa hivyo kwa kuwa mfungaji ameshika amri na amejikaza juu yake. Mbio nazo zimetoka hapo hapo: kukimbia "fast" kulikuwa kukimbia kwa kukaza, na taratibu neno likahamia kwenye kasi yenyewe. Nasi tunasemaje tukitaka mtu aongeze kasi? Kaza mwendo!

Halafu saumu yetu. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga mkanda, tunafunga Ramadhani. Kitenzi ni kimoja, na ni chetu cha Kibantu. Jina la ibada tumelipokea kutoka Kiarabu, saumu, lakini kwa tendo lenyewe wazee wetu waliona hawana haja ya kuazima. Huku pwani mtu anayejizuia kula alionekana kama mzigo uliokazwa kamba. Ulaya ya kaskazini, kwa watu wasiojua kama sisi tupo, alionekana vivyo hivyo. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Nilitamani kumwamsha mtu nimweleze, lakini saa nane usiku ungemwamsha nani?

Tulipoachana nao ni kwenye kumaliza. Wao walivunja, sisi tulifungua. Kiswahili kina kile kiambishi chake kidogo kinachorudisha tendo nyuma: ziba, zibua; kunja, kunjua; funga, fungua. Kamba inalegezwa na mzigo unabaki mzima. Kwetu kuvunja saumu ni habari nyingine kabisa, ni ya mtoto aliyekwenda kujificha na andazi saa saba mchana, wenzake wakamgundua wakamwita kobe. Ukimwambia mama yangu wakati wa Magharibi "vunja saumu yako", atakuuliza umeona kosa gani.

Waarabu nao wamo upande wa kuvunja, au tuseme kupasua. Mzizi mmoja umetupa futari, kufuturu na Idi el-Fitri, na kwa Waarabu wenyewe chakula cha asubuhi huitwa "fatur" kutoka mzizi huo huo. Hapo ndipo nilipoweka kamusi chini. Mwarabu anatumia mzizi mmoja kwa mlo wa asubuhi na mlo wa kufungulia saumu jioni, tena bila kuona ajabu, na mimi nilimkata mtoto alama kwa kufanya hivyo hivyo kwa Kiingereza. Tuna pia staftahi, neno ambalo siku hizi nalisikia kwa wazee tu na ninasikitika linavyopotea. Mzizi wake ni mwingine, ule wa kufungua, ndio uliotupa Alfatiha. Na kifungua kinywa hakihitaji maelezo.

Wafaransa wamelichakaza zaidi. "Déjeuner" yao ilianza kama kufungua saumu, na "dîner" imetoka kwenye neno lile lile la Kilatini. Kwa hiyo hata "dinner" ya Waingereza, mlo wa usiku, kwa asili ni kifungua kinywa. Milo hii imekuwa ikisogea kwenye saa kwa karne nyingi, na majina yakibebwa tu.

Leo asubuhi nilimsimulia mwalimu mwenzangu ofisini, Mkatoliki wa Kilimanjaro. Hakushangaa. Bibi yake, aliniambia, alikuwa akitembea kwenda misa ya kwanza bila kugusa hata maji, kwa sababu anayepokea komunyo alitakiwa awe amefunga tangu usiku wa manane. Chai ilikuwa baada ya misa. Papa Pius XII aliruhusu maji mwaka 1953, kisha mwaka 1957 akaufanya mfungo uwe wa saa tatu, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaushusha hadi saa moja. Kwa bibi yule mlo wa asubuhi ulikuwa kufungua kwa maana yake kamili, na kwa Waingereza walioanza kuliandika neno hili, wakati huo Wakatoliki wote, Jumapili ya komunyo ilikuwa hivyo pia. Kula mapema hakukusifiwa zamani hizo. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alikuhesabu kula kabla ya wakati kuwa moja ya njia za ulafi.

Najua kijana wangu akiandika sentensi ile kwenye mtihani wa taifa msahihishaji ataikata, na kwa Kiingereza cha leo atakuwa na haki: neno limeshahamia asubuhi na limetulia huko. Hilo nitamfundisha, maana ndiyo kazi yangu. Lakini sikumwambia hilo jana. Nilimwandikia kwamba amekosea neno, wakati alilishika neno kwenye shina lake.

Kipindi cha tatu nilimwita mezani kabla sijagawa madaftari. "Shikamoo, Madamu," akasema, macho chini, anadhani kuna kesi. Nikamrudishia alama zake mbili mbele yake, nikafuta maneno yangu ya pembeni, kisha nikaenda ubaoni nikaligawanya neno kwa chaki, "break" huku, "fast" kule. Nikauliza darasa, kufunga mkanda kwa Kiingereza ni nini? Msichana wa mbele akajibu "fasten". Nikaiandika chini ya "fast". Kimya kidogo, kisha nikasikia sauti ile ya darasa zima kuelewa kwa pamoja, aaah, ambayo mwalimu huipata mara chache kwa muhula.

Kijana alinyoosha mkono. "Madamu, kama futari ni breakfast, daku kwa Kiingereza inaitwaje?"

Nilifikiri. Kisha nikageuka nikaandika ubaoni, kwa herufi kubwa: DAKU.