Kumbukumbu ya mradi: ampia za laini ya Rabai–Lamu, na pembe ya kaskazi

Hatimaye imekubali. Programu sasa inatoa kikomo cha ampia, yaani mkondo mkubwa kabisa ambao waya unaweza kubeba bila kupita joto lake la ukomo, kwa kila kipande cha laini ya umeme ya 220 kV ya Rabai–Malindi–Garsen–Lamu katika pwani ya Kenya, saa kwa saa, na inaonyesha wazi jambo nililokuwa nikilitafuta: kipande dhaifu kinahama pepo zinapogeuka. Nimefurahi kupita kiasi.

Fomula ni za IEEE 738, kiwango cha kukokotoa joto na mkondo wa nyaya za umeme za juu, hakuna jipya hapo. Waya wa mfano ni Drake wa ACSR (alumini yenye kiini cha chuma), kwa sababu namba zake ni rahisi kukagua: kipenyo mm 28.1, ukinzani ohmu 0.0869 kwa kilomita ukiwa na joto la 75 °C, ambalo ndilo ukomo niliouweka. Jua wati 1,000 kwa mita ya mraba, vizidishi vya uso wa waya vya kufyonza jua na kutoa joto vyote 0.8. Kwa kikomo cha kudumu cha mtindo wa zamani, yaani hewa 35 °C na upepo wa m/s 0.6 unaopiga waya ubavuni, jibu ni ampia 790 hivi.

Shusha hewa hadi 31 °C, upepo uleule: 840. Ampia 50 tu. Ndiyo maana kurekebisha kikomo kwa joto la hewa peke yake, jambo ambalo FERC, msimamizi wa nishati wa Marekani, iliagiza kwa Amri 881 mwaka 2021, kunalipa zaidi kwenye nchi zenye baridi kali kuliko huku. Mchana wa pwani haubadiliki sana kwa joto. Mali yetu ni upepo.

Na upepo ndio ulionitesa. Chukua kaskazi nzuri ya Januari, noti 12, karibu m/s 6. Ukipiga waya ubavuni, kikomo kinaruka hadi ampia 1,615. Lakini nikichora mstari wa moja kwa moja mji hadi mji, kipande cha Rabai–Malindi kinaelekea takriban nyuzi 037 za dira, na kaskazi inatoka karibu na 045. Pembe kati yao ni nyuzi 8. Kizidishi cha pembe cha IEEE 738 hapo ni 0.49, yaani nusu ya ubaridi inapotea, na kikomo kinabaki 1,140. Upepo unaovuma sambamba kabisa unapewa 0.39, kikomo 1,015. Upepo uleule, waya uleule, tofauti ya ampia 600! Mwongozo wa CIGRE, baraza la kimataifa la mifumo ya umeme, unaanzia 0.42 kwa upepo sambamba, kwa hiyo mbinu hizi mbili zinakaribiana na sioni haja ya kubishania ipi ni bora.

Malindi–Garsen laini inapanda karibu kaskazini moja kwa moja. Kaskazi inaikata kwa nyuzi 45, kizidishi 0.85. Garsen–Lamu inageuka mashariki, takriban 090, na kizidishi ni 0.85 vilevile. Kwa hiyo wakati wa kaskazi anayebana ni Rabai–Malindi. Geuza msimu: kusi ikitoka 180, Rabai–Malindi inapata 0.80, Garsen–Lamu 1.00, na Malindi–Garsen inaanguka hadi 0.39. Laini nzima inabeba kiasi cha kipande chake dhaifu, basi kipimo kimoja kilichofungwa mahali pamoja kitakudanganya nusu ya mwaka. Mtu akiniambia ana bajeti ya vituo viwili tu vya kupima upepo, nitamwambia kimoja kusini ya Malindi, kingine kaskazini yake, kabla hajafikiria Lamu.

Mtego kwa wanaotumia data ya ERA5 (kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia iliyokokotolewa kwa kompyuta): upepo unakuja kama vijenzi viwili, u wa kuelekea mashariki na v wa kuelekea kaskazini. Ukikosea ishara, yaani ukachanganya unakotoka na unakokwenda, hakuna dhara, maana waya hauna mbele wala nyuma. Ukibadilishana u na v ndipo balaa, na balaa lenyewe linajificha: kaskazi ya 045 ina u na v sawa, kwa hiyo majibu yanakuja yaleyale. Linafichuka kusi ikianza. Jaribu programu yako kwa upepo wa 180 kabla ya kuiamini.

Ripoti za METAR, yaani za hali ya hewa za viwanja vya ndege, za Malindi (HKML) na Manda (HKLU) zinapima kweli, lakini mwelekeo unakadiriwa kwa nyuzi kumi-kumi. Pembe ikiwa kubwa, si kitu. Upepo ukiwa karibu sambamba, nyuzi 5 huku au huku ni kama ampia 75, basi pale ninachukua pembe ndogo kuliko zote zinazowezekana. Saa zake ni za UTC; ongeza tatu.

Usichukue wastani wa upepo halafu ukokotoe ampia. Kokotoa ampia kwa kila usomaji kwanza, kisha chagua thamani ya chini, ambayo majibu machache tu yanashuka chini yake. Waya huu unaitikia mabadiliko ndani ya dakika kumi hivi, na shwari ya robo saa ndani ya saa yenye wastani mzuri inatosha kuupasha na kuulegeza. Maleleji ndiyo miezi ya kuogopa, pepo zikiwa hazijajua zielekee wapi. Hapo kipima upepo cha vikombe hakifai: upepo mdogo haukisukumi, na chumvi inakula beringi. Cha mawimbi ya sauti ni ghali, lakini kwa pwani sitanunua kingine.

Hatua iliyofuata ilikuwa kurekebisha upepo kwa urefu wa waya kutoka ardhini. Nimeiacha. Laini hii, kilomita 320 hivi, ikibebeshwa mzigo toka Rabai hadi Lamu hubanwa na volteji kabla ya joto, na hata MW 40 za kituo cha sola cha Langobaya ni kama ampia 105 tu kwenye 220 kV. Kilichoniteka ni laini fupi za 33 kV. MW 10 kwenye 33 kV ni ampia 175, waya ni mwembamba, na upepo wa baharini unashika kasi alasiri, sola ikiwa bado inazalisha. Hapo joto ndilo linaloamua. Nimeshaanza na waya wa Wolf, mm 18.1, nikichora laini zinazotoka pwani kwenda bara kwanza, kwa kuwa kaskazi na kusi zote zinazikata kwa pembe kubwa.